Pikapu ya dabo besi ili isikike kama dabo besi: maswali mnayoniuliza sana wa Arusha na Moshi

Wapiga dabo besi (ile besi kubwa ya mbao inayopigwa imesimama) huku kaskazini hatuko wengi, tunajuana karibu wote, na kila anayepata besi yake swali linalofuata ni lile lile, naiungaje kwenye spika bila kuipoteza sauti yake. Nimeona niyajibu hapa yote mahali pamoja maana kwenye simu huwa naandika yale yale kila siku. Msimamo wangu niuseme mapema: jina la pikapu, yaani kile kidude kinachofungwa kwenye besi kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, kinachobeba sauti ni hali ya besi yenyewe na kile kifaa ambacho waya wa pikapu unaingia. Ukiweka hivyo viwili sawa, pikapu ya bei ya kati inakutosha kabisa.

Mbona nikipiga kavu chumbani inalia vizuri, nikiunga inakuwa kama raba?

Kwasababu chumbani unasikia hewa. Unasikia kifua chote cha besi kikitikisika, hewa inayotoka kwenye matundu ya f, kidole kinavyouachia uzi, hata ukuta unarudisha kidogo. Pikapu haisikii hewa kabisa, imebanwa kwenye briji (ile mbao inayobeba nyuzi juu ya kifua) na inasikia mtikisiko wa kile kipande cha mbao kilichoigusa tu. Nyingi ni za piezo, yaani kuna kristali au keramiki ndani ambayo ukiibana inatoa umeme kidogo, kitu ambacho ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walikigundua mwaka 1880. Sasa mtikisiko wa briji una mwanzo mkali sana wa noti na mkia mrefu, ndo maana unasikia "twong" badala ya "dum". Sikiliza rekodi nyingi za jazi ya Marekani ya miaka ya 1970, kipindi kile mtindo ulikuwa kuiingiza pikapu moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia, utaisikia hiyo raba vizuri sana, na wapo walioipenda. Kwahiyo usitegemee pikapu ikupe chumba chako chote, inachoweza kukupa ni noti iliyo wazi, yenye mbao ndani yake, ambayo mtu aliyekaa meza ya nyuma hatajiuliza kama ni besi gitaa.

Nimeunga moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, sauti nyembamba kama redio ndogo. Pikapu mbovu?

Hapana, na hili ndo swali muhimu kuliko yote humu, naomba ulisome taratibu hata kama hesabu huzipendi.

Piezo kiumeme ni kama kapasita ndogo. Kapasita ikikutana na impidansi ya kifaa inachoingia, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, zinatengeneza filta inayokata sauti za chini, na inakata kuanzia wapi inategemea hiyo impidansi. Chukua pikapu yenye nanofaradi 1. Ukiichomeka kwenye mlango wa miksa wenye kiloomu 50, makato yanaanzia kama hezi 3,200. Uzi wa E wa dabo besi ukiwa wazi ni hezi 41, A ni 55, D ni 73 na G ni 98, kwahiyo unaona hapo besi yote imeliwa, umebaki na kucha za vidole tu. Ukiingiza kwenye mlango wa megaomu 1, makato yanashuka mpaka hezi 160 hivi, afadhali lakini bado chini pamepungua. Ukiingiza kwenye megaomu 10 yanashuka mpaka hezi 16, chini kabisa ya noti yoyote uliyonayo, sasa ndo unaisikia pikapu ilivyo kweli. Ni pikapu ile ile, hujabadili kitu.

Ndo maana nasema nunua priampu, kile kifaa kidogo cha kukaa kati ya pikapu na miksa. Iwe na mlango wa megaomu 1 kwenda juu, na ukipata ya 10 nunua bila kuuliza mara mbili. LR Baggs Para DI ina megaomu 10 na imezoeleka sana kwa watu wa vyombo vya mbao, ina ikwalaiza yake, inatumia betri ya volti 9 au ule umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa. Radial wana boksi la PZ-DI la piezo. K&K wana vipriampu vidogo vya kuvaa mkandani. Ile DI boksi ya kawaida (kiboksi cha kuunganisha chombo na miksa) unayoikuta kwenye begi la fundi mitambo imetengenezwa kwa ajili ya kinanda na besi gitaa, mara nyingi haifiki hata megaomu 1, kwahiyo akikuambia "tulia kaka ninayo DI hapa" mshukuru, alafu weka priampu yako katikati.

Na waya wa kutoka kwenye pikapu mpaka kwenye priampu uwe mfupi. Kwenye piezo waya mrefu hauli trebo kama kwenye gitaa la umeme, unapunguza nguvu ya sauti yote na unaokota mikwaruzo ukikanyagwa. Mita moja au mbili, basi.

Sawa, nataka jina. Ninunue ipi?

Inategemea unapiga wapi na kwa sauti kubwa kiasi gani. Ntaziongelea kwa mahali zinapokaa maana mahali ndo panaamua tabia kuliko kampuni.

Za kwenye mabawa ya briji, yale matundu mawili ya pembeni. Underwood ni za zamani, K&K Bass Max ndo watu wengi wanaanza nayo. Zina mwanzo mkali, kati nyingi, zinasikika hata dramu zikilia. Ubaya wake zinaweza kuwa na pua kidogo. Ila uzuri ni kwamba hutoboi kitu wala huhitaji fundi, unabana tu mwenyewe. Na namna unavyobana ndo sauti yenyewe. Ukikaza sana inakuwa ngumu na kali, ukilegeza inapoteza besi na siku moja itadondoka katikati ya wimbo. Mi napenda ikae hivi: iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isiingie yenyewe na isihitaji kugongwa. Kama tundu la bawa ni pana, chonga kipande chembamba cha mbao ngumu ukiweke pamoja nayo, usitumie karatasi iliyokunjwa maana karatasi inakula trebo na inalegea. Alafu jaribu upande wa E, jaribu upande wa G, piga noti zile zile pande zote mbili. Upande wa E unakuwa mnene, wa G unakuwa msafi zaidi, kwa besi nyingine ni tofauti kubwa mno.

Za chini ya mguu wa briji, inayojulikana zaidi ni Realist Copperhead, aliyoibuni Ned Steinberger pamoja na David Gage, fundi wa dabo besi wa New York. Ni kiganda chembamba chenye shaba, kinalala kati ya mguu wa briji na kifua. Hii ina giza zuri, ina mwili, ukipiga taratibu na piano inasikika kama mbao kweli. Lakini kwa kuwa imelala juu ya kifua inasikia kila kitu kinachokitikisa kifua ikiwemo spika yako mwenyewe, kwahiyo kwenye sauti kubwa inavuma mapema. Kwa lodge za watalii za Usa River, watu wanakula, gitaa moja na sauti ya mama anaimba, ni nzuri sana. Kwa harusi ya watu mia sita ukumbini, mmh, jipange.

Za kwenye ajasta, hapo Fishman Full Circle. Ajasta ni zile skrubu zenye kigurudumu kwenye miguu ya briji za kupandisha na kushusha nyuzi. Full Circle inachukua nafasi ya kigurudumu kimoja, kawaida upande wa E. Kama mtu ananilazimisha nitaje moja tu kwa mpigaji wa huku anayepiga kanisani Jumapili, hotelini Ijumaa na harusi Jumamosi, nataja hii. Iko sawa nyuzi zote nne, haibadiliki badiliki, haidondoki. Na ina siri moja watu hawaijui, kile kigurudumu ukikizungusha sauti inabadilika, maana kristali ndani ina uelekeo. Zungusha robo mzunguko, piga, robo nyingine, piga, utapata mahali ambapo A na D zinafunguka. Ukishapata weka alama ya penseli kwenye mbao. Kama briji yako haina ajasta itabidi zifungwe kwanza, hilo nimelijibu chini.

Za kubandika kwenye kifua kama Schertler za Uswisi na Ehrlund za Sweden zina sauti tamu mno lakini ni za jukwaa la utulivu. Za sumaku ziko upande mwingine kabisa, hazivumi kirahisi, ila zinasikika kuelekea besi gitaa na zinataka nyuzi za chuma, uzi wa utumbo haziusikii hata kidogo.

Besi yangu ni ya plaiwudi ya bei ya chini, inafaa kuhangaika?

Inafaa, na kwa jukwaani plaiwudi ina faida, kifua chake hakitikisiki kirahisi kama cha mbao nzima kwahiyo haivumi upesi. Ila kabla ya pikapu irekebishwe. Miguu ya briji ikae bapa kwenye kifua, karatasi isipenye. Nyuzi zile zilizokuja nayo toka kiwandani mara nyingi ni ngumu na hazina sauti, badilisha. Kile kinguzo cha ndani kisimame mahali pake, nyuma kidogo ya mguu wa upande wa G. Nimewahi kusikia besi ya plaiwudi ya mwanafunzi mmoja pale Njiro ikibadilika kabisa kwa kuchongewa miguu ya briji tu, hakuna pikapu duniani ingeifanyia vile.

Nyuzi zinahusika na pikapu kweli?

Sana. Nyuzi za chuma zinazoimba kwa muda mrefu kama Spirocore zinaipa pikapu kazi rahisi, inasikika wazi, ila na ile "twong" inaongezeka. Zenye moyo wa sintetiki kama Evah Pirazzi zinalainisha. Utumbo ni sauti ya zamani, dum fupi, inapendeza sana na pikapu ya mabawa maana ule ukali wa bawa unakutana na uzi usio mkali. Kama pikapu yako inakukera kwa ukali, badili nyuzi kwanza kabla hujaiuza.

Kaka mi fundi wa redio, siwezi kutumia zile piezo za kengele za bei poa?

Unaweza, na nakutia moyo ufanye. Zile sahani za shaba za milimita 27 zinapatikana kwa mafundi wengi wa elektroniki mjini, na zina kapasita kubwa, nanofaradi 20 hivi, kwahiyo hazisumbui sana kwenye impidansi, hata megaomu 1 inazitosha kabisa. Choma risasi haraka, joto likikaa linaharibu ile keramiki nyeupe ya katikati. Tumia waya wenye nyavu ya nje, na ufunike sahani yote kwa foili iliyoungwa na grandi, usipofanya hivyo utasikia mngurumo wa umeme wa nyumba nzima. Ibane kati ya vipande viwili vyembamba vya mbao uiingize kwenye bawa la briji. Usiigundishe kwa gundi ya moto kwenye kifua, utang'oa vanishi siku ya kuitoa. Sauti haitakuwa laini kama K&K, ila ukiweka priampu nzuri mbele yake utashangaa.

Nikipandisha sauti inavuma hasa noti za G na A. Nifanyeje?

Hii kwa watu wa kwaya na praise ndo kilio kikuu. Kinachotokea ni mzunguko, spika inatikisa kifua, kifua kinatikisa briji, pikapu inapeleka tena kwenye spika. Kifua cha dabo besi kina mlio wake wa asili, mara nyingi karibu na hezi 100, na uzi wa G wazi ni 98, A ya juu yake ni 110, ndo maana zinakuwa hizo hizo kila siku.

Anza na mahali pa spika. Isiwe nyuma yako ikiangalia mgongo wa besi, na wala monita isiangalie kifua. Ihamishie pembeni, hata hatua mbili tu zinabadilisha. Alafu filta ya kukata chini, iweke hezi 40 hivi, kwenye ukumbi unaovuma panda mpaka 60, hupotezi muziki maana sikio linajijazia lenyewe ile E ya chini. Alafu bonyeza kile kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) kwenye priampu, upande mmoja utavuma zaidi ya mwingine, chagua uliotulia. Kama kuna nochi, filta inayokata sehemu moja nyembamba tu ya sauti, itafute pale pale kwenye 100 na uikate nyembamba.

Bado? Chukua sponji la godoro, kata vipande viwili vyenye umbo la tundu la f, vinene kidogo kuliko tundu lenyewe ili vijishike, vifunge uzi ili visidumbukie ndani, uzibe matundu yote mawili. Sauti kavu ya besi inapungua lakini ya kwenye spika inatulia sana. Kwenye mahema ya mkutano wa injili mi sioni njia nyingine, hapo dramu na gitaa la solo vinashindana na hakuna anayejali hewa ya besi yako.

Maiki je, si ndo sauti ya asili zaidi?

Ndiyo, hakuna pikapu inayoifikia. DPA 4099 ina kishikio cha kuifunga kwenye dabo besi, ni ghali lakini ni nzuri mno. Njia ya watu wa kawaida ni Shure SM57 iliyoviringishwa sponji ikabanwa kati ya teilpisi (kile kipande kinachoshika ncha za chini za nyuzi) na kifua, inaangalia juu kuelekea briji. Shida ni ile ile ya kuvuma, na maiki inaokota dramu pia.

Ninachopenda kuliko vyote kwenye jukwaa la utulivu ni kuchanganya. Pikapu ibebe chini, maiki iletwe kwa kiasi kidogo huku imekatwa chini yote mpaka hezi 150 au 200, inakuletea vidole na hewa tu. Sikiliza vizuri fezi, ukiwasha maiki alafu besi ikawa nyembamba badala ya kunenepa, geuza moja.

Upinde je?

Pikapu ya bawa na upinde haziivi, inakuwa kama msumeno. Ya chini ya mguu ni bora, Full Circle inavumilika ukipunguza kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kama unapiga upinde kwa nusu ya programu, weka maiki.

Nani atanifungia ajasta huku?

Fundi maalumu wa dabo besi simjui mjini hapa, ila seremala makini mwenye drili ya kusimama anaweza, mradi aelewe kuwa mashimo ya miguu miwili lazima yaende sambamba kabisa. Yakipishana ajasta itakaba na briji itajikunja. Nunua ajasta au Full Circle kwanza, angalia saizi ya skrubu (kuna za inchi na za milimita, M6 na M8), ndo umpelekee seremala pamoja na briji. Na wakati wa kutoa briji usilegeze nyuzi zote huku besi imesimama, kile kinguzo cha ndani kitadondoka na kukisimamisha tena ni kazi nyingine. Ilaze chali kwenye godoro, weka alama za penseli kwenye kifua pale miguu ilipokaa, alafu legeza taratibu. Ukiwa huna uhakika waulize watu wa muziki pale Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, wanafundisha digrii ya muziki na wanaelewa vyombo, au uliza Zanzibar ambako dabo besi iko kwenye taarab miaka mingi.

Kwanini sauti inabadilika kati ya masika na kiangazi?

Mbao inakunywa maji. Masika kifua kinapanda, nyuzi zinakuwa juu, kiangazi kinashuka nyuzi zinagonga na matundu ya mabawa yanabadilika upana, pikapu iliyokuwa imekaza Aprili utaikuta imelegea Septemba. Ukishuka na besi kutoka Arusha kwenda Moshi kwenye joto utaliona hilo hata ndani ya siku chache. Angalia mbano wa pikapu kila msimu unapogeuka, na ajasta ndo raha yake hapo.

Inanguruma "mmmm" ukumbini lakini nyumbani iko kimya.

Grandi ya umeme wa ukumbi. Tumia kitufe cha kuachanisha grandi kilichoko kwenye DI au priampu, na tumia betri badala ya adapta. Usikate kabisa ile pini ya ethi kwenye plagi, wewe umeshika nyuzi za chuma na mwimbaji mwenye maiki yuko mita moja. Jenereta ikiwashwa mngurumo unaweza kuongezeka, betri inasaidia hapo pia.

Naagizaje?

Nje kwa mtandao, au mtu anayekuja. Nairobi kupitia Namanga ni karibu, lakini uliza kwa simu kabla hujapanda gari maana vitu vya dabo besi hata kule havikai dukani. Kwenye bajeti weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, watu wanasahau hilo wanakwama mzigo ukishafika.

Ikwalaiza nianzie wapi?

Zote katikati. Piga, sikiliza, kata kidogo pale panapokera, usiongeze. Kama ni ukali kata karibu na 3,000, kama ni tope kata kati ya 200 na 300. Ukijikuta unaongeza besi sana rudi kwenye swali la impidansi hapo juu, kuna kitu kinaila.

Nabebaje kwenye daladala bila kuharibu pikapu?

Chomoa waya kabla ya kuvalisha begi. Jeki ya pikapu ifungwe kwenye nyuzi za chini ya briji au kwenye teilpisi, isining'inie, maana waya wa piezo ni mwembamba na unakatikia pale pale unapotoka kwenye pikapu. Lipia siti mbili za nyuma, briji iangalie juu.